Meno ya Kung'atia Kunde

Mwishoni mwa Shaaban niling'olewa gego langu la mwisho. Daktari wa meno, kijana mpole mwenye mikono ya baridi, alilifunga kwenye pamba akaniuliza kwa mzaha kama ningependa kuondoka nalo. Nikamwambia ndiyo, nalitaka. Nilirudi nyumbani nimelifumbata, na binti yangu akaniuliza nalilia nini, kama ganzi imeisha. Ganzi haikuwa imeisha. Nililia kwa sababu gego lile liliwahi kuwa na kazi. Nilikabidhiwa kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na minne, nikaiharibu, na watu niliowaharibia wakanirudishia. Nimeishi miaka mingi, nimefanya kazi na watu wa kila namna, na sijaona mara nyingi mtu akirudishiwa alichokiharibu.

Siku ya tano ya Ramadhani akabisha hodi Mwajuma, shoga yangu tangu usichana. Hatukuwa tumeonana tangu msiba wa mama yake, na hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Alitoka Makurunge asubuhi, akafika kwangu hapa Bagamoyo adhuhuri imekwisha kuadhiniwa, buibui limejaa vumbi, mkononi kabeba kifurushi ndani ya mfuko wa nailoni. Tulikumbatiana mlangoni, kisha akanisukuma nyuma kidogo anitazame. "Rukia, hebu cheka nikuone." Nikacheka. Akapiga kofi. "Alaa! Yako wapi, shoga yangu?" Nikamwambia yametangulia, nami nayafuata. "Usinitie uchuro na mimi nimefunga," akasema, akaketi mkekani, akaweka kile kifurushi katikati yetu, akakifunika na mkono. "Hiki baadaye. Tuzungumze kwanza." Tukazungumza mpaka alasiri, na kama kawaida yetu tulianza na maradhi, tukaja kwenye wajukuu, tukaishia jikoni kwa shangazi yangu Mwanahawa, huko huko Makurunge.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka ambao mvua za masika zilichungulia tu zikaondoka. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikuwamo katika waliochaguliwa kuendelea, na nilikuwa nimenuna kiasi kwamba nyumbani walinichoka. Ndipo shangazi alipotuma ujumbe kwa baba, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: nitafutie mtoto mwenye meno. Baba alicheka, akadhani muuza mkaa aliyeuleta kakosea kuufikisha. Hata hivyo alinipakia nyuma ya baiskeli na kirobota changu cha nguo, na safari nzima sikumsemesha. Nilijiona msichana wa mji anayetupwa porini. Tulipofika, nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu," akasema, akanishika kidevu. "Fungua kinywa." Nikafungua. Akaniinua uso kwenye mwanga, akatazama huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akaniachia. "Mazuri. Ingia ndani ule." Yeye mwenyewe hakuwa na hata jino moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, na midomo yake ilikuwa imeingia ndani hivi kwamba daima alionekana kama anazuia kicheko.

Jiko lake lilikuwa chumba cha pekee nyuma ya nyumba, kuta za udongo, paa la makuti lililoiva kwa moshi mpaka likawa linang'aa. Upande wa kulia palikuwa na mafiga, upande wa kushoto mtungi wa maji juu ya mchanga mbichi, na kwenye ukuta wa ndani, juu ya mawe matatu matatu ili visiguse ardhi, vilikaa vyombo viwili vilivyotawala maisha yetu: mtungi mkubwa wa jirani na mtungi mdogo wa shangazi. Humo ndimo zilimowekwa kunde za mbegu. Kaya sita za pale zilileta mbegu zao kwake kila baada ya mavuno, kila mwenye zake kazifunga katika kitambaa chake, na kila nyumba ina namna yake ya kupiga fundo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika jina. Vitambaa vilipangwa kwa tabaka na majivu ya kuni yaliyochekechwa na majani makavu ya mwarobaini, kisha mdomo wa mtungi ukafunikwa na kuzibwa kwa udongo wa kichuguu. Hakuna aliyeufungua tena mpaka mvua zinanukia, na hapo hufunguliwa mbele ya wote, kila mtu alione fundo lake. Ilikuwa amana, na shangazi alilitamka neno hilo kwa namna ambayo sijasikia msikitini wala mahakamani.

Yote hayo hayafai kitu kama kunde zimeingia mtungini zingali na maji. Unaweza kuzianika siku tano jamvini zikalia kama kokoto ukizitikisa, na ndani bado ni laini. Dawa ni moja: unachota chache kutoka kila kitambaa, unaziweka moja moja kwenye gego, unang'ata. Kunde kavu hupasuka vipande. Isiyokauka hubonyea, ikabaki na alama ya jino. Kwa miaka mingi shangazi alizing'ata mwenyewe, mpaka meno yakamwisha, na sasa alitaka yangu. Aliniketisha kwenye kibao mlangoni mwa jiko, yeye akaketi karibu yangu, akafumba macho. Ning'atapo alisikiliza. "Hiyo imesema kweli," alisema kunde ikipasuka. Ikibonyea, husikii kitu, na yeye alisema, "Hiyo imenyamaza. Rudisha juani." Mtungi wake mdogo tuliujaza hivyo, mwezi wa Rajabu, kunde kwa kunde, na sijui lini kununa kwangu kulikwisha. Nakumbuka tu mchana mmoja tunakula ugali wa mhogo na kunde za nazi, yeye akiziponda kwa kidole kabla ya kuzitia mdomoni, nikajikuta nacheka kwa alichokuwa akisimulia, na nikashtuka kusikia sauti yangu.

Ikaja Ramadhani, na Ramadhani ilinikuta na kiburi. Lazima niliseme hili kama lilivyo. Katika chuo cha Kurani mjini nilikuwa nimehitimu msahafu mapema, na tangu nianze kufunga sikuwahi kula hata siku moja isipokuwa zile ambazo mwanamke huruhusiwa. Pale shamba niliwaona watu wakiswali na udongo kwenye nyayo, wakikosea matamshi, nikajiona mimi ndiye mwenye dini. Siku ya tatu ya mfungo shangazi aliitwa kwa Bi Tatu, mama yake Mwajuma, ambako kulikuwa na mgonjwa. Aliniachia vitambaa vyote sita vya jirani. "Ving'ate vyote, mwanangu. Na cha Mzee Kondo uking'ate mara mbili, shamba lake liko bondeni, na kavuna jana juzi." Mzee Kondo alikuwa mgane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kunde zake hakuwa nazo mtu mwingine: rangi ya maziwa, zina madoa ya hudhurungi, mbegu ya marehemu mkewe Zaina, na kitambaa kile kilikuwa kipande cha kanga yake, na fundo alilipiga yeye mzee kwa shida, akijaribu kuiga fundo la mkewe la mizunguko miwili.

Nilichukua kunde ya kwanza, nikaipeleka mdomoni, nikasita. Nimefunga. Nikasema nafsini mwangu, unga wake ukishuka kooni, funga yangu ya miaka yote imekwenda. Ningeweza kungoja nimuulize shangazi. Ningeweza kungoja magharibi. Lakini kumuuliza mtu wa shamba jambo la dini niliona ni kujishusha, na kungoja magharibi niliona ni uvivu wa kazi. Basi nilizitikisa vitambaani, nikazisikia zinalia, nikazibana kwa kucha, nikaridhika. Nikatandaza majivu, nikapanga vitambaa, cha Mzee Kondo katikati, nikaweka majani, nikafunika, nikakanda udongo na kuziba vizuri sana, hata nikalainisha kwa kiganja kilicholowa. Shangazi aliporudi aliupapasa udongo ule, akafurahi. "Umezing'ata?" Nikasema, "Nimezing'ata, shangazi." "Zote?" "Zote." Akaniombea dua pale pale, mkono wake kichwani pangu, na futari ya siku ile ilikuwa magimbi na uji wa pilipilimanga, na nilikula nikashiba.

Siku ya nne baada ya hapo nilikuwa nafagia jiko, nikaegemea mtungi wa jirani kuokota kaa lililoanguka, nikahisi ukuta wake una joto. Nikaugusa ule mdogo. Baridi. Nikarudi kwa ule mkubwa, nikabandika kiganja. Joto, si la moto, ni lile la mtoto anayeanza homa. Nilijua. Shangazi alikuwa amenieleza wiki nyingi nyuma kwamba kunde mbichi ikifungiwa hupata moto yenyewe, na kwamba mtungi ukipata joto ufunguliwe siku hiyo hiyo, kila kitu kirudishwe juani, na hakuna kitakachoharibika. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kutembea hatua kumi mpaka uani na kusema maneno matatu. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini miguu haikwenda. Nadhani ni ile dua. Ningeweza kukiri uvivu. Kukiri kwamba nilidanganya mchana wa Ramadhani, mimi mhitimu wa chuo, hilo sikuliweza. Baada ya siku chache joto lilitoka, nikajidanganya kwamba hali imetengemaa. Idi ikapita. Mvua za vuli hazikuja, mbegu zikabaki mtungini, na mimi nikawa nafagia jiko nikipita mbali na ukuta ule. Miezi ile usingizi wangu ulikuwa mzuri na hamu ya chakula haikunipungua. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kuandika kwamba dhamira iliwanyima usingizi. Yangu ilinisubiri tu.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, watu waliitwa. Walisimama jikoni na mlangoni, asubuhi, majembe wameyaegemeza nje. Bi Tatu alikuwako, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, na Mwajuma nyuma yake. Mzee Kondo alivaa kanzu, kama mtu aendaye kwenye ndoa. Shangazi alisema Bismillahi, akagonga udongo kwa kipande cha chuma, ukapasuka, akainua kifuniko. Harufu ilitoka kwanza. Kisha fukusi, wengi, wakitembea juu ya mdomo wa mtungi kana kwamba nao walikuwa wakingoja mvua. Alipovuta kitambaa cha juu, majivu yalikuja nacho kwa mabonge, mabichi. Kunde zilikuwa zimeota manyoya meupe, nyingine zilichipua gizani zikafia humo humo. Akatoa cha pili, cha tatu, mpaka vyote sita, akavipanga jamvini. Akajifuta majivu, akasema, "Kosa ni langu, jamani. Nimezeeka. Nimezitia zingali na maji. Nisameheni."

Na labda ningenyamaza. Nataka kusema ningesema vyovyote vile, ila sijui. Kilichonifungua mdomo ni Mzee Kondo. Alikuwa ameketi chini na kanzu yake nyeupe, kitambaa cha kanga kakipakata, anajaribu kulifungua fundo taratibu asichane nguo, na vidole havimsaidii. Nikasema, "Shangazi hakukosea. Ni mimi. Sikuzing'ata." Wakageuka wote. Bi Tatu akauliza, "Hukuzing'ata kwa nini?" Nikamwambia, "Nilikuwa nimefunga." Mtu mmoja mlangoni akaanza kucheka, na mwingine, mpaka wanawake wakawa wanashikana mabega, na machozi yanawatoka, na sijui hata leo kama yalikuwa ya kicheko. Mbegu zote zimekwenda na wanacheka. "Mtoto huyu! Kuonja na kutema kunafunguza wapi?" Bi Tatu hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Uliogopa kunde isikuharibie funga," akasema. "Na uwongo je? Huo hukuuogopa?"

Shangazi hakunitazama. Alisema tu, "Rukia, lete mtungi wangu." Niliubeba mikononi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Akaufungua, na mle ndani kunde zilikuwa kavu, safi, zinateleza kwenye majivu kama siku tulipozitia. Akachukua kifuu, akawagawia wote, kifuu baada ya kifuu, mpaka mtungi ukawa na majivu matupu. Hakujibakizia hata za kupanda mstari mmoja. Bi Tatu alizipokea akazifunga kwenye upindo wa kanga, akaondoka bila kuaga. Mzee Kondo alikataa. "Mimi sikuja kutafuta kunde," alisema kwa upole. "Nilikuja kutafuta hizi." Aliacha kitambaa chake jamvini, akashika jembe lake akaenda zake.

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilikuwa nyuma ya ua wa makuti nasugua masufuria, nikamsikia Bi Tatu karudi. Sikukusudia kusikiliza, ila sikuondoka pia. "Dada Mwanahawa," alisema, "mtoto huyu mrudishe kwa baba yake. Kesho." Shangazi akamjibu, "Nikimrudisha kesho, Tatu, nitakuwa nimepeleka mjini mwongo, na atazeeka hivyo hivyo. Mwache akae hapa hapa, mbele ya macho ya waliomwona akikosea, mpaka muwe mnajua na kitu kingine juu yake." Bi Tatu akasema, "Na mwakani kunde zitang'atwa na nani?" "Na yeye." "Zangu? Wallahi zangu hazigusi!" "Basi utang'ata mwenyewe. Meno unayo, ila umezoea kusengenyea." Nikamsikia Bi Tatu akicheka, bila kutaka, kicheko kimemponyoka. Mimi nilikaa na sufuria mkononi mpaka giza likaingia. Kama kuna siku naweza kuionyesha kwa kidole nikasema hapa ndipo nilipolelewa, ni ile, na aliyenilea hakujua kwamba nasikia.

Mwajuma alikuja kesho yake bila kutumwa. Tulikaa siku tatu na ungo, mimi na yeye, tukizichambua kunde za madoa zilizoharibika, moja moja, tukiondoa zenye manyoya, zenye tundu, zilizovimba, na kila jioni nikazifunga tena katika kitambaa cha Mzee Kondo kwa fundo lile lile. Mwisho tulibaki na kiganja kisichojaa. Tulizipanda nyuma ya jiko, kando ya ua, mahali ambapo ningeweza kuziona nikiwa natwanga. Zikaota saba. Mbili zilichukuliwa na kuku. Zile tano nilizizungushia miiba, na palipokosekana mvua hata siku mbili nilizimwagilia maji ya kuoshea mchele. Kila siku baada ya alasiri Mzee Kondo alikuja akasimama ng'ambo ya ua, akaziangalia. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Basi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa na huruma kuliko za mwaka uliotangulia, na kunde za shangazi zilishika katika mashamba ya wale watano waliozipokea, ila katika lake mwenyewe hazikuwamo. Sisi tulikuwa na mhogo na mahindi machache. Lakini zilipoanza kuzaa, asubuhi moja nilimkuta Mwajuma mlangoni na kitita cha kunde mbichi, kijani, zimefungwa kwa ukambaa. "Mama kasema hizi ni za shangazi yako," akasema, akainamisha macho, "si zako." Tulikula wote wawili, bila shaka, na sijala kunde tamu kama zile, zimekatwa vipande na maganda yake, nazi ya kwanza imetiwa mwishoni. Kesho yake kikaja kitita kutoka nyumba nyingine, na keshokutwa nyingine, mpaka vikawa vingi kuliko matumbo yetu, na shangazi akaona aibu kuviacha vinyauke. Hapo akanifundisha upande wa pili wa kazi yake. Mbichi usizioshe, usizikate vikonyo. Unazilaza kwenye jani la mgomba, unalikunja, unaliweka juu ya ule mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, unanyunyizia jani kwa nje tu, na kila adhuhuri unalifungua zipumue. Zilikaa siku tano zikivunjwa zinalia ka! kama zimetoka shambani sasa hivi. Nilikuwa naamka na kwenda kuzigusa kwanza kabla ya kuchota maji. Jirani wale watano, ambao mbegu zao niliziozesha, walitulisha msimu mzima. Na siku moja karibu na mwisho wa msimu Mwajuma alileta kitita, akakitua, akasema haraka haraka, "Mama kasema hizi ni zenu." Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, nikarudi nikazipanga kwenye jani.

Ile mimea mitano ilitoa maganda ya kujaza nusu ya kifuu. Hatukula hata moja. Nilizianika peke yake kwenye ungo, nikikaa karibu kuwafukuza kuku, na siku shangazi aliponiambia mwite, nilikwenda kumwita Mzee Kondo. Alikuja na kile kitambaa, ambacho nilikwisha kukifua na kumrudishia. Bi Tatu naye akaja, na zake, akazitua kando bila kusema zimeletwa kwa nani. Mzee akachota kunde moja ya madoa kutoka kwenye ungo, akaninyooshea. "Ng'ata." Nikamwambia, "Babu, ni chache mno. Nikiing'ata hii, imekwenda." Zilikuwa chache hivyo; ningeweza kuzihesabu kwa pumzi moja. Akaendelea kunyoosha mkono. "Ng'ata, mjukuu wangu." Hakuwahi kuniita hivyo. Nikaipokea, nikaiweka kwenye gego la kulia, hili nililong'olewa juzi, na shangazi mlangoni akafumba macho. Ikapasuka. Nilisikia mpaka sikioni. "Imesema kweli," shangazi akasema. Mzee Kondo alizikusanya kwenye kanga ya Zaina, akakunja pembe, akaanza fundo, akakwama. Akaniwekea mapajani. "Funga wewe. Umelifungua na kulifunga mara nyingi, unalijua." Nililijua kweli, mizunguko miwili na kuvuta chini. Nilipoinua kichwa, Bi Tatu alikuwa amekwisha fungua kitambaa chake, kakisukuma mbele yangu kwa mguu. "Haya," akasema. "Na usinimalizie."

Baba alikuja na baiskeli yake mwezi huo huo kunichukua. Shangazi aliishi miaka saba zaidi, na kila mavuno nilirudi wiki moja, kung'ata.

Haya ndiyo tuliyokuwa tukiyazungumza, Mwajuma na mimi, jua likipungua barazani. Ndipo alipokivuta kile kifurushi na kukitoa kwenye mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kipande cha kanga, kanga mpya kabisa, na fundo la mizunguko miwili. Nililifungua mwenyewe. Rangi ya maziwa, madoa ya hudhurungi. "Hizi ndizo tunazopanda sote siku hizi," alisema. "Vijana wanaziita kunde za Zaina, wala hawamjui Zaina alikuwa nani." Nilizichota nikazimwaga, nikazichota tena, na sikuona haya kulia mbele yake. "Sasa, nisikilize," akasema Mwajuma. "Mvua zinakaribia. Nimezianika, ila nina wasiwasi, na mimi langu la mwisho lilitoka mwaka jana. Nikasema, niende kwa Rukia, ana meno. Nimepanda gari kutafuta meno yako, shoga yangu, nawe huna!"

Nikamwita mjukuu wangu Zuhura, mwenye miaka kumi na tatu, aliyekuwa ndani anakuna nazi ya futari. Akaja akapiga goti, akamwamkia mgeni. Nikamnyooshea kunde moja. "Iweke kwenye gego, uing'ate." Akaitazama, akanitazama mimi, akarudisha mikono nyuma. "Bibi," akasema kwa heshima, na kwa kiburi kidogo ambacho nilikitambua mara moja, "nimefunga."

Mwajuma alianguka ubavuni mkekani. Mimi nilishika ukuta. Tulicheka mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza kumetokea nini, na Zuhura amesimama pale, uso umemwiva, hajui kosa lake. Nilimvuta karibu nikamketisha kwenye kibao, nikamfuta nazi mkononi kwa upindo wa kanga yangu. "Ng'ata, mwanangu, kisha uteme," nikamwambia. "Haikufunguzi. Na ikinyamaza, useme imenyamaza." Akaiweka kwenye gego. Mimi na Mwajuma tukafumba macho, tukasikiliza.